Mfiwa wa Mwisho

Benchi lilikuwa Kirumba, pale barabara ya vumbi inapoyaacha maduka na kuanza kuteremka ziwani. Lilikuwa ubao wa mtumbwi mkuukuu, upande mmoja umelazwa juu ya jiwe, upande wa pili juu ya kreti mbili za bia. Nyuma yake palikuwa na banda la Chenge, mchora mabango, na mbele yake jiko la mkaa la Mhoja na birika lake la kahawa. Mhoja alikuwa karani wa mizani katika ushirika wa pamba kwa miaka ishirini na miwili kabla hajapunguzwa kazi. Walimwita Kamati, maana hapakuwa na jambo chini ya jua ambalo hakutaka liundiwe kamati. Masele, fundi redio, walimwita Idhaa. Obedi, aliyekata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja cha samaki, walimwita Mapanki, kwa sababu minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya na yeye alirudi nyumbani na kichwa na mifupa, mapanki yenyewe. Ilikuwa Alhamisi ya Julai, mwaka tisini na nne, na watu walikuwa ndiyo kwanza wanaanza tena kula samaki. Tangu Mei wengi walikuwa wameacha, kwa sababu ya yale yaliyokuwa yanashuka na mto Kagera kutoka Rwanda, na ambayo kijiweni, mahali palipotajwa kila kitu, hayakutajwa.

Rwehumbiza alifika saa nne asubuhi. Walimwita Dokta, ingawa hakuwa daktari wa watu wala wa vitabu. Alikuwa mtafiti wa samaki mwenye shahada moja, mtu wa Kagera aliyekuwa amehesabu samaki wa ziwa hili kwa miaka ishirini na mitatu. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi upande wa mbele tu. Mkewe, Prudencia, alikuwa amefariki mwezi Machi, kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa Kamachumu katika kibanja cha migomba cha kina Rwehumbiza. Jumamosi ukoo ungekusanyika kusimamisha msalaba, na meli ya Bukoba ilikuwa inaondoka leo usiku.

– Shikamoo, Dokta, alisema Obedi akimpisha.

– Marahaba, kijana. Habari za kazi?

– Tunaganga njaa tu, mzee wangu.

– Chenge, umemaliza?

– Bado tarakimu moja tu, Dokta. Nilikuwa nakusubiri wewe.

Chenge aliingia bandani akatoka na msalaba ameukumbatia kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Ulikuwa mweupe, herufi zake nyeusi, zimenyooka. Jina. Kuzaliwa 1946. Kufariki 11.3.1994. Ameacha mume. Na chini kabisa neno moja, na nukta mbili, na nafasi nyeupe: WATOTO:

Rwehumbiza aliusoma mara mbili, kama alivyozoea kusoma kila kitu.

– Hili neno la mwisho sikukuagiza.

– Lipi? Ohoo. Samahani, Dokta, ni mazoea. Siku hizi naandaa misalaba kumikumi. Ya wanaume naandika kabisa ‘ameacha mke’, ya wanawake ‘ameacha mume’, na ‘watoto’ yote. Mwenye msiba akija naingiza jina, tarehe na idadi, anaondoka. Wanakuja gari liko barabarani linanguruma, maiti imo ndani. Juzijuzi hapa mabango ya gesti na bucha ndiyo yaliyokuwa yananilisha, kila mtu na biashara yake, ruksa. Sasa...

Gonjwa lenyewe nalo halikutajwa kijiweni.

– Kwa hiyo niingize wangapi? Watano? Sita? Wewe nitajie tu.

– Hatukujaliwa, alisema Rwehumbiza.

Benchi zima liliinamia vikombe. Chenge aliutazama msalaba wake kana kwamba ndio uliomsaliti.

– Naweza kupaka nyeupe juu yake, alisema polepole. Lakini nyeusi itatokeza, mpaka nirudie mara ya pili, na ya pili haikauki kabla ya kesho. Na ile mingine yote iliyomo ndani ina neno hilohilo, hata nikiigeuza litabaki linasomeka nyuma.

– Meli ni leo.

– Ndiyo hapo sasa. Ila tarakimu moja, ukinipa kabla ya saa sita, itakauka.

Mfukoni mwa Rwehumbiza mlikuwa na barua ya kaka yake mkubwa, Mutayoba, iliyofika wiki iliyopita. “Mdogo wangu, usimsimamishe mke wako mbele ya ukoo mikono mitupu. Andika watoto sita. Wangu ni wako, ndivyo ilivyo kwetu, na hakuna atakayeuliza. Usipoandika watasema nyumba imefungwa.” Ilikuwa barua ya upendo, na ndiyo sababu ilikuwa nzito. Alikuwa ameikwepa kwa kuagiza jina na tarehe peke yake, asiseme uongo na asiseme ukweli. Sasa mazoea ya mchora mabango yalikuwa yameiziba njia hiyo.

– Uweke kando kwanza, alisema. Mhoja, nipe kahawa.

Mhoja alimimina. Hakuna aliyejua amtazame wapi. Ndipo Masele, ambaye alikuwa na huruma ya watu wanaopiga kelele, akaigonga redio aliyokuwa ameipakata.

– Jamani, mmesikia habari za Jupita?

– Jupita ndiyo gesti mpya ya pale Pasiansi? aliuliza Obedi.

– Gesti babu yako! Ni sayari. Dunia yetu ukiitia mle ndani inapotea kama harage kwenye gunia. Basi kuna nyota yenye mkia imepasuka vipande ishirini na kitu, na vipande vinaitwanga hiyo Jupita tangu Jumamosi. Kimoja kikidondoka, moto wake ungeimeza dunia nzima. Nimesikia kwa masikio yangu, kwenye hii redio ya mteja.

– Mteja ameleta redio itengenezwe, alisema Mhoja. Hakuileta ikuburudishe.

– Naijaribu, Kamati! Redio utaijua imepona bila kuisikiliza?

– Umeijaribu tangu Pasaka.

– Hebu niacheni. Swali langu ni hili: kipande kimoja kikikosea njia, kikaja huku?

– Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Obedi.

– Mgeni huyu akija, mwenyeji haponi! Kwisha sote. Wewe, mimi, mkuu wa mkoa, mzungu na mbwa wake. Hakuna binadamu anayebaki.

– Basi afadhali, alisema Mhoja.

– Afadhali nini?

– Kifo cha wengi harusi.

– Harusi! Mzee mzima, dunia inaisha, wewe unataka pilau?

– Nisikilizeni kwa utaratibu. Msiba una mambo matatu: maiti, mfiwa, na watu wa kuja kukaa na mfiwa. Sawa? Mwondoe mfiwa. Mwondoe kabisa. Umebaki na nini? Hamna msiba hapo. Sasa binadamu wakiisha wote kwa mpigo, siku ya pili yake analia nani? Hakuna. Turubai limefungwa kwa ajili ya nani? Hakuna. Wahenga wamesema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa hiyo ubaya uko wapi? Nionyesheni ubaya wenyewe, niuundie kamati.

Rwehumbiza alikishika kikombe chake kwa vidole viwili. Hoja ile ilikuwa imenyooka kuliko nyingi alizosikia chuoni, na haikumjia kama mgeni. Machi, asubuhi ya tarehe kumi na moja, kwenye korido ya hospitali, alikuwa amewaza kitu hichohicho: kwamba kama wangekufa wawili, kwa ajali ya gari, kwa dakika moja, pasingekuwa na hasara yoyote. Hesabu ingefungika. Aliyebaki ndiye aliyeiharibu.

– Wewe Kamati unasema sote, alisema Obedi. Mimi nakwambia siyo sote. Wenzetu wameshajiandaa.

– Wenzetu gani?

– Wa Ulaya. Hivi mnafikiri ile minofu yote wanakula? Kila siku ndege inajaa, kila siku! Tumbo gani hilo? Wanaweka akiba, hamjui tu. Nyota ikikaribia, wanapanda dude kubwa kuliko hizi ndege, na majokofu yao humo, wanaenda kukaa mwezini. Huku duniani wanatuacha sisi. Mapanki.

– Na huko mwezini nani atawakatia minofu? aliuliza Chenge.

Obedi alifikiri.

– Hapo ndipo mimi nitakapopandia, alisema. Nitaandika barua ya maombi mapema.

Walicheka, hata Rwehumbiza kidogo. Masele aliweka redio chini, ishara kwamba la kwake lilikuwa linakuja.

– Ninyi mnaongelea huku. Mimi nawaza kulekule Jupita. Tuseme kulikuwa na watu.

– Acha!

– Tuseme tu. Watu, mawe, ziwa. Na kijiwe. Ijumaa iliyopita wamekaa kama sisi, fundi redio wao anawaambia jamani kuna nyota inakuja, na mzee mmoja wa kahawa, mbishi, anawajibu kifo cha wengi harusi. Jumamosi, pwaa! Wameisha. Sasa niulize: nani hapa amewalilia?

– Hatukuwajua, alisema Mhoja.

– Ndicho ninachouliza mimi. Wameisha Jumamosi, wewe Jumapili unashangilia Brazili na kombe lao.

– Na mimi kinachonisumbua ni kazi, alisema Chenge akikoroga rangi yake. Binadamu wote wakiisha, nani ataandika msalaba wao? Maana lazima uwepo, siyo? Na uandikwe nini? ‘Binadamu. Kuzaliwa: haijulikani. Kufariki: Alhamisi. Ameacha...’

Ulimi ulikuwa umemfikisha mahali ambapo asingetaka kwenda. Msalaba wa Prudencia ulikuwa umeegemea mlango wa banda, nafasi yake nyeupe ikiwatazama.

– Ameacha mbu, alisema Obedi kwa sauti ndogo.

Mhoja alijaza kikombe cha Rwehumbiza bila kuombwa.

– Dokta, wewe ndiye msomi wetu. Tuamulie. Binadamu wakiisha, kuna hasara au hakuna?

– Sijui, alisema Rwehumbiza. Ninachokijua ni habari ya furu.

– Furu? alisema Obedi. Vile visamaki vya zamani, vyenye miiba? Mama yangu huvitaja. Mimi sijawahi kuvila.

– Huwezi kuwa umevila. Nilipoanza kazi, furu walikuwa wengi kuliko samaki wengine wote wa ziwa ukiwaweka pamoja. Tulikuwa tunavuta wavu asubuhi, tunawamwaga, tunawatenga kwenye ndoo, kila aina na ndoo yake. Aina zilizidi ndoo. Nyingi hazikuwa hata na jina. Kila aina tulichukua wachache, tukawatia kwenye chupa ya dawa ili wasioze, tukabandika namba.

– Halafu sangara akawamaliza, alisema Masele.

– Sangara, na nyavu zetu, na mengine. Lakini siyo hilo. Septemba ya mwaka themanini na moja tulipata aina moja yenye tumbo la rangi ya chungwa, na mstari mweusi unaopita katikati ya jicho. Samaki tisa. Nilikuwa nimewaona mara mbili tu kabla ya hapo. Na dawa ilikuwa imekwisha. Mnaukumbuka mwaka ule.

– Hata sabuni ilikuwa kwa foleni, alisema Mhoja.

– Nikasema, nitawahifadhi wiki ijayo, watakuwepo. Nikawafunga kwenye gazeti nikaenda nao nyumbani. Prudencia akawakaanga.

Tangu Machi, ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo mbele ya watu ambao hawakuwa padri wala ndugu. Lilitoka vizuri kuliko alivyotegemea.

– Na wiki iliyofuata? aliuliza Chenge.

– Hawakuwepo. Wala mwezi uliofuata. Nimewatafuta miaka kumi na mitatu.

– Ohoo, alisema Obedi. Dokta, uliwala wa mwisho!

– Hilo sijui. Wa mwisho hajitambulishi. Najua tu kwamba hajaonekana mwingine.

– Walikuwa watamu?

– Mapanki! alifoka Mhoja.

– Mwache. Walikuwa na miiba. Mke wangu akaniuliza wanaitwaje. Nikamwambia hawana jina bado. Akasema, basi leo tumekula watu ambao hawajabatizwa. Alikuwa mtu wa mzaha, mzaha wa taratibu, usipokuwa makini unakupita. Akachovya vidole kwenye maji ya kunawa, akainyunyizia sahani, akawapa jina.

– Jina gani?

Rwehumbiza alikiweka kikombe juu ya ubao, akahakikisha kimekaa sawa.

– Nilicheka, alisema. Sikuliandika. Mimi naandika kila kitu. Urefu, uzito, kina cha maji, saa tuliyotega na saa tuliyotegua. Hilo sikuliandika. Mwaka huu alipolazwa nilitaka kumuuliza, ‘wale samaki uliwaitaje?’ Nikaona ni jambo dogo, atachoka bure, nitamuuliza akitoka.

Kutoka ziwani ilisikika honi ya kivuko, mara mbili. Masele alikuwa ameizima redio bila mtu kumwambia.

– Sasa, Mhoja, niifuate hesabu yako, alisema Rwehumbiza, na sauti yake ilikuwa ileile ya mtu anayesoma ripoti. Jina lile, mfiwa wake ni nani? Mimi silikumbuki. Aliyelitoa hayupo. Samaki aliyepewa hayupo. Kwa kamati yako hapo hakuna msiba. Lakini najua lilitajwa. Nilikuwepo, nikacheka. Halipo popote duniani, na lilitajwa.

Mhoja aliliweka birika chini. Alikuwa mbishi, lakini ubishi wake haukuwa na ukatili.

– Linakuuma kwa sababu wewe upo, Dokta. Mfiwa ni wewe, na wewe ndiye wa mwisho. Siku utakayoondoka, maumivu yameondoka, jambo limepona. Sikudharau. Ni pole yangu hiyo, kwa njia yangu.

– Najua.

– Basi nijibu. Nina kosa gani?

– Silioni kosa, alisema Rwehumbiza. Nimelitafuta tangu Machi.

Chenge alikohoa, akachungulia jua.

– Dokta, nisamehe, ila saa sita inakaribia. Rangi haijui msiba.

Rwehumbiza aliitoa ile barua mfukoni, hakuikunjua.

– Kaka yangu anataka iandikwe sita. Ni watoto wake.

– Si ndilo hilo sasa! alisema Masele. Mtoto wa kaka ni mtoto.

– Sita safi, alisema Mhoja. Kwetu Usukumani hata mjadala usingekuwepo.

– Na nani atawahesabu, mzee wangu? alisema Obedi. Weka sita, mama apumzike na heshima zake.

Walisema kwa moyo mweupe, wote watatu, na Rwehumbiza alihisi uzito wao ukimsukuma kwa upole, kama watu wanavyomsaidia mtu kupanda mtumbwi. Chenge alichovya brashi, akapiga goti mbele ya msalaba. Tarakimu moja. Rwehumbiza alifungua mdomo.

– Hodi hapa, ilisema sauti ya mwanamke. Hapa ndipo wanapoandika misalaba?

Alikuwa mama wa zaidi ya miaka sitini, vumbi limempanda mpaka magotini, kitambaa cheusi kichwani. Walimwamkia, Obedi akampisha kwenye benchi. Alikataa, akasimama.

– Naitwa Tereza. Nimetoka ng'ambo, Kamanga. Nataka msalaba wa mwanangu, Masalu. Ziwa lilimchukua mwezi wa tano. Hatukumpata.

Mwezi wa tano. Kijiweni wote walijua Mei ile ilikuwaje ziwani, na jinsi wavuvi walivyokuwa wakigeuza mitumbwi wakiona kitu kinaelea mbali.

– Pole sana, mama, alisema Chenge, bado amepiga goti. Ameacha mke?

– Alikuwa hajaoa.

– Watoto wang... Samahani.

– Hakuwa na mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa na mtoto.

Aliusogelea msalaba wa Prudencia, akanyoosha mkono, akaurudisha kabla haujagusa.

– Mwandikie hivi. Herufi kubwa, zilizosimama. Sijui zinasema nini, ila ni nzuri.

– Hujui kusoma, mama? aliuliza Obedi.

– Sijui, baba. Nyumbani aliyekuwa anajua ni yeye. Tumebaki mimi na dada yangu, na dada haoni.

Obedi alikuna kichwa. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

– Sasa mama, nisamehe kwa kuuliza. Kaburi halina mtu, na nyumbani hakuna msomaji. Huo msalaba atausoma nani?

– We mtoto, adabu! alisema Mhoja.

Lakini Tereza hakukasirika. Alimtazama Obedi kama mtu aliyeambiwa jambo jipya na mtu wa mjini, jambo ambalo huenda ni la kweli.

– Kwani asiposomwa, aliuliza, anakuwa hakuzaliwa?

Aliuliza kama mtu anavyouliza njia, na kama mtu aliyeuliza njia alisubiri. Alimtazama Obedi, Obedi akatazama viatu vyake. Alimtazama Masele, aliyekuwa na habari za mpaka Jupita, na Masele akaishika redio asiiwashe. Mhoja alilichochea jiko. Mwisho mama yule akamgeukia Rwehumbiza, labda kwa sababu ya shati jeupe.

– Wewe, mwalimu?

Kilichomjia Rwehumbiza hakikuwa jibu. Kilikuwa sebule moja kule Kamachumu, kwenye sherehe ya kumtoa binti wa Mutayoba, miaka minane iliyopita. Msemaji wa ukoo alikuwa anatambulisha wageni, na kwa hisani, kwa hisani kabisa, akamtambulisha Prudencia kuwa mama wa watoto sita. Prudencia akasimama, akalishika gauni lake vizuri, akasema kwa ile sauti yake ya chini: “Ahsante. Sina mtoto. Mimi ni Prudencia.” Akaketi, akaendelea kula. Wanawake wa ukoo walinuna mwaka mzima. Yeye hakununa hata siku moja.

– Chenge, alisema Rwehumbiza.

– Naam.

– Andika hakuna.

– Hakuna?

– Kwa herufi, siyo sifuri. Hakuna.

– Dokta, watu wa kwenu...

– Watasema nyumba imefungwa. Imefungwa, ni kweli. Lakini ndani mlikaa mtu.

Chenge aliegemeza mkono wa kulia juu ya wa kushoto ili usitikisike, akaandika. Alikuwa mwepesi siku zote, aliyeweza kumaliza bango la bucha kabla kahawa haijapoa, ila herufi hizi sita alizichora mojamoja, akirudi nyuma kila mara kutazama, na benchi zima likatazama pamoja naye.

– Imesema nini? aliuliza Tereza alipomaliza.

Rwehumbiza alisimama. Alisoma kuanzia juu, jina lote, na hakuharakisha. Alisoma mwaka wa kuzaliwa na siku ya kufa. Alisoma “ameacha mume”, akavuta pumzi, akasoma “watoto, hakuna”, kwa sauti ileile.

– Kama wangu, alisema Tereza.

– Kama wako, mama.

– Alikuwa mke wako?

– Ndiyo.

– Pole.

– Ahsante. Na wewe pole.

Tereza aliikaza kanga yake kiunoni. Ilionekana kuna jambo alikuwa analipima kama ni halali kuliomba.

– Na wangu ukiisha, utanisomea? Mara moja tu. Nikishauvusha ng'ambo sitakuwa na wa kunisomea.

Rwehumbiza alikuwa na sanduku la kufunga, tiketi ya kuchukua bandarini, na msalaba mbichi ambao haukutakiwa kuguswa na mtu kabla ya saa kumi na moja.

– Nitakusomea, alisema, akaketi.

Chenge aliingia ndani akatoka na msalaba mwingine mweupe. Aliugeuza upande wa nyuma, upande ambao hakuwa ameandika chochote, wa mbele angeufuta baadaye, akauliza jina lianze na herufi gani, Rwehumbiza akamtajia. Mhoja aliliinamisha birika juu ya kikombe ili ampe mama, likatoa machicha matupu. Kahawa ilikuwa imekwisha, na jua lilikuwa kichwani. Hakuna aliyeinuka.